Asali ya Enguday

Mota, tarehe 9 mwezi wa Hidar

Yirdaw, umepata dada. Ndiyo, kwa umri wangu huu. Usicheke, maana Mota nzima imeshacheka ikamaliza, na waliocheka zaidi ndio watakaokula zaidi siku ya karamu, nawajua.

Sasa salamu. Hujambo, baba? Kifua chako je, na hiyo baridi ya Addis Ababa inayopanda kutoka sakafuni? Unakula, au unakunywa kahawa na kujidanganya? Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo linalolia kama mlango wa kanisa. Teff imeinamisha vichwa, mwaka huu tutavuna mpaka Alganesh jirani yangu aumwe. Barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Waambie mafundi wenzako hapo gereji kwamba kwenye kisomo cha watu wazima mama yako alikuwa wa tatu, na mke wa kasisi alibaki nyuma huko, anahangaika na herufi za mwanzo.

Dada yako ni Enguday. Enguday yuleyule uliyekuwa umemwoa, mkaachana mwaka juzi.

Kaa chini nikueleze. Unajua baba yake alifariki mwezi wa Meskerem. Hukuja msibani nami sikusema neno, talaka ni talaka. Arobaini ilipokwisha, wale ndugu zake wa baba mmoja wakamwambia nyumba ni yao, atafute pa kwenda. Akaja kwangu jioni na mtungi mgongoni na yule maksai wake mwekundu nyuma yake. Sikumwuliza kitu. Nilisogeza kigoda, akakaa, akaanza kuchambua dengu zangu kana kwamba alitoka kidogo tu kwenda kisimani.

Haikupita muda, Mequanint mwenye mashine ya kusaga akatuma washenga. Ni mjane, mtu wa maana, mashine yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Washenga wakaenda kwa wale ndugu, na ndugu wakasema huyu si wetu, alishatoka nyumbani hapa alipoolewa. Basi Jumapili, baada ya misa, wazee wazima wamesimama nje ya ukuta wa kanisa na fimbo zao kama watu walioachwa na basi, hawajui posa waipeleke wapi. Enguday amejifunika shuka mpaka machoni. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Ileteni kwangu. Mimi ndiye mama yake."

Kasisi akanigeukia. "Yitayish, wewe ulikuwa mama mkwe, na hata hilo lilishakatwa."

"Basi nitamnyonyesha," nikamwambia.

Alganesh akauliza kwa maziwa gani, ajuza kama mimi. Nikamjibu kwa asali, kama walivyonyonyeshwa watu wakubwa kuliko yeye, na kama hajui desturi za wazee wake aende akawaulize makaburini. Wakacheka. Lakini kasisi hakucheka. Alisema jambo hilo lipo, ni la zamani, na halijakatazwa. Nitajipaka asali kwenye titi mbele ya watu, atailamba, na kuanzia hapo ni mtoto wangu, wa kurithi na wa kunizika.

Sharti ni moja tu. Mtoto wa tumbo lazima akubali. Wewe ukisema hapana, asali inarudi kwenye mtungi. Kwa hiyo njoo, au leta neno lako kwa Gashaw dereva, atakayekuletea barua hii. Na washenga wa Mequanint watakaporudi, wewe ndiye kaka, utaketi kulia kwangu umevaa shuka jipya, na wao watasimama mpaka wewe uwaambie wakae. Hebu fikiria. Nina asali nyeupe ya mzinga wangu wa juu kabisa. Hapa Mota hakuna nyingine kama hiyo, hata Alganesh akikataa ulimi wake unakubali.

Mama yako,
Yitayish


Addis Ababa, tarehe 27 Hidar

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, goti lako limetulia na mavuno yanaendelea vizuri. Mimi kwa rehema za Mungu ni mzima. Kifua kinanibana kidogo tu asubuhi. Mfungo tumeuanza, nakula dengu kwa mama mmoja hapa karibu na gereji, si mbaya.

Barua yako Gashaw alinipa stendi. Nimeisoma.

Huyo Mequanint ndiye yule wa mashine ya kando ya daraja, anayecheka kabla hajamaliza kusema? Sina neno naye, nauliza tu nimjue. Na yule maksai mwekundu wa Enguday bado analima? Tulipogawana mali alikuwa na kidonda kwenye bega. Kama hakijapona, mafuta ya mwarubaini hayatoshi, mwambieni apumzishwe nira.

Kuhusu neno unalolitaka, nipe muda. Mabasi yote yamekubaliana kuharibika kabla ya sikukuu ya Genna, tunalala chini yake. Ruhusa hakuna.

Mama, umefikiri vizuri? Hukosi mtoto. Mimi nipo.

Mwanao wa pekee,
Yirdaw


Mota, tarehe 12 Tahsas

Mwanangu,

Amani ya Mungu iwe nawe, na mabasi yako yapone. Sisi huku tuko salama, tumeshapura nafaka na kupepeta, na nisingependa kujisifu lakini tumejaza ghala mpaka nimeazima kwa watu vikapu.

"Mimi nipo." Upo wapi? Nimetazama mlangoni sikukuona. Nimetazama shambani nikamwona Enguday na maksai wake. Kidonda kilipona zamani. Nilimsomea barua yako wakati anapika injera. Alisikiliza yote, akauliza, "Amemwulizia maksai?" Nikasema ndiyo. Akafunika kikaango, akasema nikujulishe kwamba maksai hajambo.

Sasa nisikilize kuhusu kufikiri. Alganesh anapita nyumba kwa nyumba anasema Yitayish amemfanya mke wa mwanawe kuwa bintiye ili mwana asiweze kurudi kwake tena. Nilimkuta kisimani nikamwambia, kurudi kupi? Hao wawili waliachana mbele ya wazee. Mmoja hakutaka shamba, mwenzake hakutaka chumba ambacho jirani akikohoa unajikuta unamwambia pole. Alikaa kwako miezi miwili, akarudi kusaidia mavuno, akakawia, na wewe badala ya kumfuata ukaandika barua moja kwa wazee. Wakagawa kila kitu, hata vijiko. Na Gashaw amekuona sokoni Merkato unambebea mwanamke kikapu. Sikukuuliza. Wewe ni mtu mzima na vikapu ni vizito.

Kwa hiyo ndiyo, nimefikiri. Kasisi amenieleza vizuri: akishailamba ile asali ni dada yako kama vile amelala tumboni ulimolala wewe. Watoto wake na wako hawataoana mpaka vizazi saba vipite. Hakuna wazee wa kulifungua hilo, wala askofu. Si kama ndoa.

Labda unaona aibu, huko mjini watu wanasema ni ushamba. Basi nikukumbushe jambo. Yule babu mkubwa tunayemtaja kila tukinywa, aliyekwenda vitani Adwa akarudi na bunduki ya Mtaliano na kovu la kuonyesha wageni, unadhani alizaliwa katika ukoo huu? Alitoka Lasta, njaa imemfukuza, hana hata viatu. Bwana mwenye ardhi hii hakuwa na mtoto wa kiume. Akachovya kidole gumba kwenye asali mbele ya watu, yule kijana akakinyonya, kesho yake akaamka ni mwana wa nyumba. Kasisi anapowasoma marehemu wetu, mababu saba, jina la bwana yule na jina la babu yanafuatana. Umewahi kumsikia akisita kati yake? Ardhi unayoringia ilikuja kwa njia hiyo, na hiyo pua yako ndefu ni ya Lasta.

Nami sitatumia kidole. Kasisi anasema kidole kinatosha kwa mwanamke mzee. Nimemwambia mimi si shangazi, ni mama.

Andika lile neno. Ni dogo.

Mama yako,
Yitayish


Mota, tarehe 1 Tir

Yirdaw,

Genna imepita, Bwana amezaliwa, bila barua yako. Gashaw ameshuka mikono mitupu, nikamtukana bure, maskini, kisha nikampa chakula. Natumaini ni mabasi tu na si kifua. Kama ni kifua, nijulishe nije, naijua hiyo njia, sijasahau.

Sisi tulifungua mfungo vizuri. Enguday alichinjisha jogoo akamkata vipande kumi na viwili bila kuvunja mfupa hata mmoja, na mchuzi wake ulikuwa mweusi unang'aa, vitunguu vimeyeyuka kabisa ndani. Nilimwita Alganesh aje aonje kwa upendo. Alikula vipande viwili kwa upendo.

Washenga wa Mequanint walikuja siku ya pili ya sikukuu. Walisimama mlangoni na fimbo zao kama inavyopasa, wakakataa kukaa. Waliongea vizuri, nisiwasingizie. Mwenye mashine hataki chochote ila mtu wa kuzungumza naye mashine ikizimwa. Nikawajibu siwezi kutoa nisichokuwa nacho bado, warudi baada ya asali. Wakauliza asali ni lini. Kasisi alikuwepo, akasema baada ya Timket, sikukuu ya ubatizo, kabla ya Kwaresima.

Ndipo Enguday akasema kutoka jikoni, "Isipangwe siku. Barua haijafika."

Washenga wakatazamana. Baadaye nilimwuliza kwa nini, maana wewe ukinyamaza namna hii maana yake unakubali, nakufahamu. Akasema hapana. Akasema safari hii na iwe barua ya kukubali kitu, ataisubiri.

Haya, andika. Mimi nitasema nini tena. Hata mstari mmoja, ili nijue mkono wako unafanya kazi.

Mama yako,
Yitayish


Addis Ababa, tarehe 7 Tir

Mama, usimlambishe asali.

Shikamoo. Nisamehe, nimeanza vibaya, lakini kama ningeanza na salamu ningefika mwisho bila kulisema, kama barua nyingine nilizokuwa naandika na kuwashia jiko. Kifua ni kizima. Genna nilikula kwa msimamizi wetu wa gereji. Watu wazuri. Mke wake alitengeneza tonge akanilisha kwa mkono wake kama inavyofanywa, nikashukuru, na bila kufikiri mkono wangu nao ukatengeneza tonge. Ukageuka kutafuta wa kumlisha. Pembeni yangu palikuwa na ukuta. Nikalila mwenyewe, na watoto wao wakacheka.

Yule mwanamke wa kikapu ni dada yake mwenye nyumba wangu, mgongo unamsumbua. Gashaw angeuliza angeambiwa.

Mama, posa ya Mequanint ilipofika nilijiambia, haya, ndivyo ilivyo. Mungu anisamehe, nilijiambia pia kwamba ndoa zetu sisi si za kanisani zote, huvunjika, watu huachana na kurudiana, na waume wazee hufa. Akiwa mke wa Mequanint ningeweza kungoja, hata kwa ujinga. Lakini uliposema vizazi saba, nililala chini ya basi nimeshika spana sikumbuki natafuta nini. Mke wa mtu kesho anaweza kuwa si mke wa mtu. Dada ni dada mpaka kaburini.

Nilikosea ile barua kwa wazee. Nilidhani akiipata ataona nimekasirika kweli, atapanda basi. Kumbe naye alidhani kwamba nimekasirika kweli.

Kampuni inafungua gereji Bahir Dar. Nimeomba kuhamishwa, na msimamizi amesema atanisemea. Ni karibu, ningeweza kulala Mota kila Jumamosi. Chumba hatahitaji kukiona tena.

Mwulize. Lakini nakuomba, usimsifie kitu. Wewe ukianza kusifia, mtu hukubali ili upumzike. Mwulize tu, uandike alichosema kama alivyokisema.

Mwanao,
Yirdaw


Mota, tarehe 14 Tir

Mwanangu Yirdaw,

Natumaini hujambo na unalala kitandani na si chini ya magari. Goti langu limestahimili Timket, nilitembea nyuma ya tabot, sanduku letu takatifu, mpaka mtoni na kurudi, na wanawake wa nusu ya umri wangu walipanda punda.

Barua yako ilikuja mkesha wake. Nisikufiche, nilifurahi mpaka nikamwaga unga. Nilijiona nimekaa, huku mwana, huku mkwe, mjukuu mapajani, Alganesh anatazama kwenye ua. Nikasema haya ndiyo niliyokuwa nayataka, na asali tutainywa tu.

Nilimwambia tulipokuwa tunarudi kutoka mtoni, watu wameloa, shuka zimeganda mwilini, vijana wanaimba mbele. Nilimsomea barua yako. Na nilikusifia kidogo, nilishindwa. Nilisema una moyo mzuri, una ufundi, umekubali kosa, wanaume wangapi wa huku kwetu Gojjam wanakubali kosa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hapa chini ni alichosema, kama ulivyotaka.

Kwanza aliuliza, "Nikirudi kwake, kwako nitakuwa nani?"

Nikasema mkwe wangu, kama zamani.

"Na tukigombana tena?"

Nikasema hamtagombana. Akatabasamu. Kisha akasema, "Siku ile wazee walinigawia maksai, na vijiko, na nusu ya nafaka. Wewe hukuwemo kwenye mgawo. Nilipotoka ulikuwa umesimama mlangoni, na sikujua kama bado naruhusiwa kukuaga. Nikapita."

Baba, kumbe ndiyo maana alipita. Mimi siku ile nilidhani ananichukia.

Nikamwambia basi yote yanarudi sasa, mume na mimi. Akasema, "Mume naweza kupata. Nilishapata, na mwingine amesimamisha washenga. Mama yangu alikufa siku ileile aliyonizaa. Sijawahi kumwita mtu mama ambaye wazee hawawezi kuninyang'anya."

Tukatembea. Tulipofika kwenye mteremko akaongeza, nami nilimwomba arudie ili niandike sawasawa: "Mwambie simchukii. Nililia njia nzima ya kurudi kutoka Addis Ababa. Nilingoja aje anichukue, ikaja ile barua. Akiwa mume aliniacha kwa karatasi moja. Akiwa kaka hataweza kuniacha hata akitaka, na mimi sitaweza kumwacha. Hivyo ndivyo ninavyomtaka."

Nikamwuliza kuhusu Mequanint. Akasema Mequanint na asage.

Haya, umesikia. Sijapunguza neno. Usiku ule sikujisifu kwa mtu yeyote, mpaka Alganesh akaja kuuliza kama naumwa.

Sasa neno liko kwako, na lazima nikuambie ukweli wake wote. Kasisi amerudia leo asubuhi: ukikataa, hakuna asali. Hatuwezi kukuzunguka. Atabaki mgeni nyumbani kwangu, siku nitakayokufa wewe utakuwa na haki ya kumwambia atoke, na pengine siku moja atachoka na kukurudia kwa kukosa pengine pa kwenda. Unaweza kumpata kwa njia hiyo. Sitakulaani. Wewe ndiye niliyekuzaa siku ya mvua ya mawe, na ukikataa nitakupenda kama jana.

Lakini nimekuambia alichosema.

Mama yako,
Yitayish


Addis Ababa, tarehe 19 Tir

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Jumapili nilikwenda kanisani nikasimama nje ya ukuta na wale wasioingia. Kasisi mmoja mgeni akapita akaniuliza nina shida gani, nikamwambia nimeombwa nitoe kitu ambacho si changu tena. Akasema basi toa, ni rahisi. Nikamwambia si rahisi hata kidogo. Akasema ndiyo, akanibusisha msalaba, akaenda zake.

Nilitaka kukataa, Mama. Jumatatu nilimpa Gashaw bahasha, kisha nikalikimbilia basi mpaka kwenye kizuizi cha barabarani nikamnyang'anya dirishani. Atakusimulia, amenicheka sana.

Nimekuwa nikifikiria kile kipande cha mlangoni. Kwamba alipita bila kukuaga kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa. Mimi ndiye niliyewatuma wale wazee. Nilidhani nimeachana na mtu mmoja.

Lisome hili kwa sauti, mbele ya kasisi na wazee:

Mimi Yirdaw, niliyezaliwa na Yitayish, nakubali kwamba Enguday ni mtoto wa mama yangu sawa na mimi, katika ardhi, katika msiba, na katika kutajwa jina. Atakayemwambia atoke katika nyumba hiyo, kwanza anitoe mimi.

Kuja sijui. Usiniulize. Ile nafasi ya Bahir Dar nimepewa, nitaipokea, kwa sababu wewe upo huko na goti lako. Lakini siku hiyo yenyewe sijui kama miguu itanifikisha.

Mwanao wa kwanza,
Yirdaw


Mota, tarehe 22 Tir

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Neno lako limesomwa. Amani kwako, na kifua chako, na miguu yako. Lilisomwa jana chini ya ukuta wa kanisa, na nililisoma mwenyewe. Kasisi alinyoosha mkono nikamkatalia, nikamwambia sikukaa kwenye kisomo miaka miwili ili nisomewe barua ya mwanangu. Nilisoma polepole, sikukosea hata neno. Nilipofika mahali pa "kwanza anitoe mimi", wale ndugu zake wa baba mmoja walikuwa wamesimama palepale. Wakaanza kutazama viatu vyao.

Enguday alijifunika shuka. Sikumwona uso. Kisha akaja akanishika kiwiko, akaniuliza kama umeandika kingine. Nikamwambia umeandika kwamba hujui kama utakuja. Akasema, "Najua hiyo. Mimi nami nilikuwa sijui kama nitapanda basi." Akaenda kuloweka kimea cha pombe. Anapika pombe ya watu wengi, mwanangu, mitungi imejaa mpaka chumba chako cha zamani, kwa hiyo ukija utalala jikoni na kuku.

Washenga nimewarudisha. Mequanint ameambiwa Enguday anataka kwanza aonje kuwa binti wa mtu mwaka mzima, kisha ndipo amwulize tena. Alicheka kabla hajamaliza kusikia, lakini akasema atasubiri, na ametusagia teff yote ya karamu bure. Sitamsema vibaya tena.

Sikuulizi kama utakuja, umenikataza. Nakuandikia tu watakaokuwepo ili ujue tulivyo watu wa heshima. Kasisi na mashemasi wake wenye ngoma. Wazee walewale waliowaachanisha, nimewaita kwa makusudi, waje waone kitu ambacho hawawezi kukifungua. Wale ndugu zake, maana nimewaalika na hawakuthubutu kukataa. Mequanint atakaa na wanaume, mbali kidogo. Alganesh ameniomba yeye ndiye apige kigelegele cha kwanza, nikamkubalia, ana koo zuri, hilo nimemwambia na ndilo jambo jema la kwanza kumwambia katika miaka yote hii. Gashaw ataliegesha basi lake siku mbili, na anasema kiti cha nyuma ya dereva hatakipa abiria mwingine mpaka avuke daraja la mto Abay.

Kwa desturi, mtu wa kushika bakuli la asali wakati mama anajipaka ni mtoto wake mwingine. Kasisi ameniuliza kama hayupo, tumpe nani. Enguday akajibu kabla yangu. Alisema bakuli likae kwenye kigoda tu, bila mkono wa kulishika, watu walione hivyo.

Itakuwa Jumapili, tarehe ishirini na tisa ya Tir, misa ikiisha, kabla jua halijawa kali. Wote wanatarajiwa siku hiyo.

Mama yenu,
Yitayish